Mtoto wa ami anataka yale maneno 12, na mama anasema nimpe

Assalaam alaykum shangazi, shikamoo. Mie msomaji wako, niko Wete, Pemba. Jina naomba usiliweke mana huku tunajuana wote na jambo lenyewe lina ndugu ndani.

Shangazi nna kaka yangu yupo Maskati, ndo anaemjengea mama nyumba. Zamani alikuwa akipata mtu anaekuja anampa pesa mkononi, siku hizi anatuma USDT (sarafu ya mtandaoni inayokwenda sawa na dola), anasema makato madogo na inafika palepale. Inaingia kwenye simu yangu mie, tukitaka saruji au nondo nauza kidogo kwa mtu nnaemjua, ananirushia shilingi kwenye simu, nanunua. Sasaivi mna kama USDT 1,400, tunasubiri fundi amalize lenta tukanunue bati. Pesa si yangu hata senti moja, na hilo ndo linaloninyima usingizi.

Waleti, yaani app ya kuwekea pesa hiyo, nilifunguliwa na mtoto wa ami yangu, yeye yupo Unguja, ana kibanda cha simu Darajani na haya mambo anayajua. Alikuja huku kwenye harusi, akaishika simu yangu, akanifungulia Gmail mana sikuwa nayo, akaishusha ile app, halafu akanisomea maneno 12 ya Kiingereza mie nikayaandika nyuma ya daftari la chuoni la mwanangu. Akaniambia ukiyapoteza haya basi tena, pesa imekwenda. Tokea hapo kila kitu kilikuwa sawa, na ile Gmail nkaanza kuitumia na kwengine pia, kwenye app ya kuangalia bei na kwenye saiti mbili tatu zinazosema zinagawa koini bure (sijaiona hata moja).

Sasa Ijumaa ilopita ikaja imeili. Nembo ileile ya waleti, rangi zilezile, na imenitaja jina langu na la baba, yaani kamili. Kiswahili chake kimenyooka, hakina kosa. Inasema "waleti yako haijathibitishwa kwa mujibu wa kanuni mpya za usalama, usipothibitisha ndani ya saa 24 huduma itasitishwa na salio lako litazuiliwa". Chini pana kitufe cha bluu, THIBITISHA SASA. Nkakibonyeza, ukafunguka ukurasa una visanduku 12 vitupu vimepangwa vinne vinne, na juu kisaa chekundu kinahesabu kurudi nyuma. Moyo ukanipiga paa, nkafunga simu.

Nkampelekea mtoto wa ami skrinshoti kwa Whatsapp. Hazikupita dakika tano kajibu: "Hiyo ishu siriasi, nitumie yale maneno 12 niishughulikie hapahapa kabla muda haujaisha." Nkampigia asipokee. Nkapiga tena, akaandika yupo bize na wateja, niandike tu. Wallahi shangazi hapo nkaingiwa na wasiwasi, mana nani mwengine anaelijua jina langu kamili na waleti yangu na ile imeili kama si yeye? Na wiki hiyohiyo aliniuliza pesa ya nyumba imebaki ngapi. Lakini tena najiambia, huyu tumelelewa pamoja, tumekula sinia moja, ntamdhania vipi?

Mama nilipomuhadithia akasema mpe, huyo damu yako, ukimnyima ni kama umemwita mwizi. Kaka sijamwambia. Yeye na ami hawako vizuri tokea mambo ya shamba la mikarafuu la babu, nikimtajia tu mtoto wa ami katika jambo la pesa itakuwa moto, na mie ndo nitakaekuwa nimeuwasha. Nimebadilisha paswedi ya waleti, na zile saa 24 zimepita na pesa bado naiona. Sasa je imeili ni ya kweli au wananichezea? Nimpe maneno au nisimpe? Na kaka nimwambie au nimfiche mpaka bati zinunuliwe?

Dada wa Wete


SHANGAZI ANAJIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili mana naona umefunga mambo mawili fundo moja. Kuna imeili iliyokutisha, na kuna ndugu anaetaka maneno, na kwa vile vimekuja siku moja umeshavifanya kitu kimoja. Inawezekana ni kitu kimoja kweli. Inawezekana vilevile havijuani kabisa. Hebu tuvifungue tutazame kimoja kimoja.

Imeili ndo nyepesi kwa hivo naanza nayo. Hiyo ni ya wizi. Irudie siku ile ya harusi kichwani, ulipofunguliwa waleti iliuliza imeili yako? Gmail uliitaka kwa ajili ya simu, kushushia app. Waleti za namna hii, MetaMask, Trust Wallet na nyenzake, ukizifungua kwa njia ya maneno 12 kama ulivofunguliwa weye, haziulizi jina wala imeili wala jina la baba. Sasa watu ambao hukuwapa imeili watakuandikiaje imeili? Na "salio lako litazuiliwa" wazuie vipi, mana ile pesa haikai kwao, ipo kwenye bloku cheni (daftari la mtandaoni la miamala yote) na anaeweza kuihamisha ni mwenye yale maneno tu, kampuni iliyotengeneza app haina mkono hapo. Ndo mana saa 24 zimepita na hakuna kilichofungwa, kile kisaa kazi yake ni kukukimbiza usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" unaijua, kila mtu anaijua Tanzania nzima, hii ni ndugu yake aliesoma shule.

Yale masanduku 12 ndo imeili yenyewe, mengine yote mapambo. Nembo inanakiliwa, rangi zinanakiliwa, na mambo ya kusema utaitambua imeili ya kitapeli kwa lugha mbovu yaacheni jamani, siku hizi mashine zinawaandikia Kiswahili kizuri kuliko changu. Kama bado unayo ifungue (usiguse kitufe), gusa lile jina la aliekutumia, itatokea anwani yake nzima. Isome ukianzia mwisho kurudi nyuma, ile sehemu inayofuata alama ya @ mpaka mwisho wake, jina la waleti linaweza kuwemo katikati limebandikwa kistari na maneno mengine lakini mwenye anwani ni ule mkia. Na hilo nalo halitoshi peke yake. Januari 2024 wezi waliingia kwenye kampuni inayowatumia wengine imeili zao kwa wateja, inaitwa MailerLite, wakatuma imeili za kuiba waleti kupitia akaunti za kweli za Cointelegraph (gazeti la sarafu za mtandaoni) na WalletConnect (huduma ya kuunganisha waleti) na wengine, yaani ukiangalia aliekutumia yupo sawasawa. Kwa hivo usijitese sana na anwani. Kinachotazamwa ni kimoja, inataka nini. Inataka maneno? Basi, habari imekwisha hapo. Na iko aina nyengine haiulizi maneno, inakwambia konekti waleti yako usaini kitu upate koini za bure, na sahihi hiyo ndo ruhusa ya kuzichota koini zako. Zile saiti mbili tatu za koini bure, uliwahi kukonekti waleti kule? Hukusema, na mie ningependa kujua.

Sasa jina lako. Umesema nani mwengine analijua kama si yeye, na hapa naomba tusimame kidogo mana hili ndo limekutia kumdhania ndugu yako. Imeili hiyo na jina lako umeshaviacha kwenye app ya bei na kwenye hizo saiti, na saiti za koini bure wengi wao biashara yao ndo hiyo, kukusanya imeili za watu wenye waleti. Na hata kampuni za maana zinaibiwa orodha. Mwaka 2020 Ledger, kampuni ya Ufaransa inayouza vifaa vya kuhifadhia kripto (hizi sarafu za mtandaoni), iliibiwa orodha ya wateja, imeili zaidi ya milioni 1, na watu kama 272,000 majina yao na simu na anwani za majumbani mwao zikamwagwa mtandaoni Desemba ya mwaka ule. Watu wakaandikiwa imeili kwa majina yao kamili, na wengine wakapelekewa mpaka vifaa bandia kwa posta. Aprili 2022 yakawafika wateja wa Trezor, kampuni nyengine ya vifaa hivo, orodha ya imeili ilitoka, wakaandikiwa kwamba kampuni imevamiwa, shusheni app mpya, na app ikawataka maneno. Kwa hivo kutajwa jina si ushahidi wa mtoto wa ami. Si ushahidi kwamba hahusiki pia, sitaki nikudanganye. Ni kwamba hakuthibitishi chochote, huku wala huku.

Paswedi nayo umebadilisha, vizuri, lakini ujue inalinda nini. Inafunga app kwenye simu hiyo tu. Mtu mwenye maneno 12 haitaki simu yako wala paswedi yako, anashusha app kwenye simu yake, anayaandika, na pesa anaiona kama unavoiona weye. Na hili umelitaja kwa kupita tu lakini ndo lililonishtua kuliko imeili: maneno yale yameshasomwa na mtu mwengine kwa sauti nyumba ina harusi, na yamelala nyuma ya daftari la chuoni. Daftari hilo mwanangu linakwenda chuoni kila siku na kurudi? Samahani nimecheka, lakini lichomoe hilo karatasi leo.

Tuje kwa mtoto wa ami. Unaona kumnyima ni kumwita mwizi, na mama kakutilia nguvu. Mie nakuuliza, lazima iwe hivo? Hebu mchukulie ni mtu mwema kabisa, na huenda ndivo alivo, mafundi wengi wa simu wanajua kidogo hiki kidogo kile na wanaamini kweli kwamba wakiyapata maneno "watathibitisha". Atafanya nini nayo? Atafungua ukurasa uleule wa kwenye skrinshoti, atajaza visanduku 12, na pesa ya mama itaondoka kwa mkono wa mtu mwema. Au mchukulie si yeye alieandika. Umempigia hakupokea, kaandika tu, na Whatsapp za watu zinatekwa kila siku, mtu anaombwa ile namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 anaitoa, kesho mwengine anaandikia ndugu zake wote kwa jina lake. Au, Mungu apishe mbali, ndo ana nia hiyo. Njia tatu, na katika zote tatu maneno hayatoki. Kwa hivo hili la kumpa au kutompa halikungoji weye ujue ndugu yako ni mtu gani. Unaweza kukataa leo na ukabaki hujui, na ukabaki unampenda.

Hata nikimtazama vizuri kuna kinachonichanganya. Yeye ndie aliekusomea maneno. Kama alikuwa na nia mbaya si angeyapiga picha siku ileile, kulikuwa na haja gani ya kuyaomba leo? Unaweza kusema basi hakuyaweka, ni mwaminifu. Mwengine atasema hakuyaweka na sasa anajuta. Mie siko Darajani, siwezi kukwambia.

La kumjibu, kama unataka maneno ya kusema bila kumvunjia heshima, liko la kweli wala si uongo: hii ni amana ya kaka, sina ruhusa ya kumpa mtu yoyote, hata mama simpi. Na mama mwambie hivohivo. Mama hakukosea kusema damu, anaongea kwa alichokizoea, pesa ya mkononi ukimpa ndugu akakuhifadhia itajulikana ipo wapi. Hii ikitoka haina wa kumkamata mkono wala benki ya kuirudisha. Neno amana mama atalielewa haraka kuliko nikikaa kumueleza bloku cheni.

Halafu mtafute huyo ndugu kwa sauti. Mpigie usiku akishafunga kibanda, au mpitie kwa mke wa ami. Muulize hivi, weye ndo uliniandikia Ijumaa? Akisema si mie, jueni Whatsapp yake imetekwa na ana watu wengine wa kuwaonya. Akisema ndie, muulize angeyafanyia nini, umsikilize. Hatari ya kumpigia ni kwamba akikasirika neno litafika kwa ami kabla hujalipeleka weye.

Kaka sasa, na hapa ndo pagumu. Kumficha mpaka bati zinunuliwe kuna raha yake, moto hauwaki, nyumba inaezekwa. Lakini pesa yake, na kama ikiondoka kabla ya bati, halafu akajua ulikuwa na wasiwasi tokea Ijumaa ukanyamaza, atakasirikia kipi zaidi? Upande wa pili ukimwambia yote kama ulivoniandikia mie, na ugomvi wa mikarafuu upo palepale, atasikia jina moja tu na mengine hatayasikia. Iko njia ya katikati, umwambie ya imeili na kwamba maneno yameshasikiwa na mtu mwengine kwa hivo unataka kuhamia waleti mpya, bila kumtaja nani kaomba nini. Ina kasoro yake, ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ikitoka kwa mdomo wa mama siku ya simu ya Ijumaa utaonekana ulikuwa unamlinda mtu. Weye unamjua kaka yako mie simjui. Ila mtahadharishe yeye mwenyewe asijibu imeili kama hiyo, huenda na kwake imeingia.

Na huwezi kuhama kimya kimya hata ungetaka, mana kaka anatuma kwenye anwani ya zamani, usipomwambia mwezi ujao pesa itaingia kulekule ulikokimbia. Kuhama kwenyewe ni hivi, unafungua waleti mpya yenye maneno mapya, si kuingiza yale ya zamani kwenye app nyengine. Unayaandika kwa mkono wako peke yako, hupigi picha, hujitumii Whatsapp. Anwani yako ikianza na herufi T basi USDT yako iko kwenye mtandao wa Tron, na utahitaji TRX (sarafu ya mtandao huo) kidogo za makato ndo ihame. Tuma kidogo kwanza, ikifika uhamishe iliyobaki. Anwani usiichukue kwenye historia ya miamala, mana kuna wezi wanakutumia vijisenti kutoka anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho ili uje uinakili yao kwa makosa. Inakili kwenye waleti mpya yenyewe na uikague na katikati pia.

Ama muuze sasaivi mnunue bati, lenta ikiisha zipo. Sijui kama nyumba ina pa kuziweka na mlango wa kufunga, na sijui kaka ataonaje, lakini bati haziulizwi maneno 12.

Likitokea la kutokea, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi Bara na Zanzibar, kwa hivo kituo cha polisi hapo Wete mna haki ya kufika na imeili yenu mkononi. Nisikupe matumaini makubwa, Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si pesa halali nchini, na ingawa Juni 2021 Rais Samia aliitaka ianze kujitayarisha nazo, huko kaunta bado hakuna wa kumlilia. Na akitokea mtu mtandaoni kukwambia yeye anarudisha kripto zilizoibiwa, umtangulizie pesa kidogo tu, huyo ni mwizi wa pili.

Imeili usiifute bado, iripoti kwa Gmail kama ya kitapeli na ubaki na skrinshoti yenye anwani na tarehe. Usiwajibu, hata kuwatukana, mana ukijibu watajua imeili hiyo ina mtu anaeisoma, watakuja na nyengine.